Ati Takaba ni Saa Mbili

Zipo siku hizi orodha ambazo humwambia mtu, kwa kufumba na kufumbua, umbali wa kutoka kiwanja kimoja cha ndege mpaka kingine, na muda ambao msafiri atakaa hewani. Itaje Nairobi, uitaje na Takaba, nazo zitakujibu: kilomita 640 na ushei, saa mbili na dakika chache kwa ndege ndogo, na pungufu ya hapo kwa ndege kubwa. Jibu hutolewa bila ya kusita, na mwulizaji huenda zake ameridhika. Mimi sikuridhika. Nasema kwamba jibu hilo, ingawa hesabu yake ni sahihi, ni uongo. Tena uongo huu si wa mzaha, kwa kuwa wako watu waliozikwa kwa ajili yake. Neno nililolisema ni zito. Basi nakuomba, msomaji, unisikilize mpaka mwisho ndipo unihukumu.

Takaba ni mji wa magharibi ya Kaunti ya Mandera, katika pembe ya kaskazini mashariki ya Kenya, ambako mpaka wa Ethiopia hauko mbali. Wenyeji wake wengi ni wafugaji wa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mvua zake ni chache, na maji ndiyo mazungumzo ya kila siku. Kipo na kiwanja cha ndege kidogo, na kwa fadhila ya kiwanja hicho jina la Takaba limepata kuingia katika orodha za dunia pamoja na London na Dubai. Sidhani kama wenyeji waliwahi kuulizwa wanaionaje heshima hiyo.

Hesabu yenyewe hufanywaje? Ukitwaa tufe la dunia, ukaibana ncha moja ya uzi juu ya Nairobi na ncha ya pili juu ya Takaba, kisha ukauvuta uzi mpaka ukakaza, hiyo ndiyo njia ya ndege. Ndio mstari mfupi kabisa uwezao kupita juu ya mgongo wa dunia kati ya mahali pawili. Marubani huupima kwa maili za bahari, ambazo kila moja ni mita 1,852. Baada ya kuupata urefu wa uzi, mwenye orodha huugawanya kwa mwendo wa ndege. Ndege ndogo ya injini moja, kama ile iitwayo Cessna Caravan, hukata kilomita 300 hivi kwa saa. Ndege ya abiria ya mapanga mawili, kama Dash 8, hukaribia 500. Huongezwa dakika kidogo za kupaa na kutua, na kazi imekwisha.

Hebu angalia mambo ambayo hayakuulizwa. Haikuulizwa kama ipo ndege iendayo Takaba siku hiyo, wala juma hilo, wala mwezi huo. Haikuulizwa nauli ni kiasi gani, wala mchunga mbuzi ataiuza mbuzi mingapi aipate. Haikuulizwa kama msafiri ana mzigo. Hesabu hufanywa kwa ndege isiyokuwako, imchukue abiria asiyekuwako, katika siku isiyokuwa na mvua wala vumbi. Kisha matokeo yake huitwa umbali wa Takaba.

Mwaka mmoja nilifanya hesabu hii ya uzi pamoja na kidato cha pili, katika shule moja ya pande hizo. Nilikusudia kuwafundisha wanafunzi kipimo cha ramani, sikukusudia zaidi ya hilo. Walipima, wakapata kutoka Takaba mpaka Nairobi kilomita 640 hivi. Wakaugeuza uzi upande wa kaskazini, wakapata kwamba Addis Ababa ni kilomita 640 vile vile. Wakaugeuza upande wa mashariki, wakapata kwamba Mogadishu ni kilomita 590. Mji ambao kila mtu huuita mwisho wa dunia ukaonekana umesimama katikati ya miji mikuu mitatu, kama jiko katikati ya mafiga. Walifurahi sana. Mmoja wao, kijana mpole aliyezoea kukaa nyuma, akaupeleka uzi kutoka Nairobi mpaka Dar es Salaam bila ya kuambiwa. Akapata kilomita 670. Aliinua mkono akasema, "Mwalimu, Dar es Salaam ni mbali zaidi kuliko kwetu, tena ni nchi ya watu. Mbona redio husema Dar es Salaam ni jirani, na kwetu husemwa ni mbali?"

Nilimjibu kwamba tutalitazama swali hilo katika kipindi kijacho. Hivi ndivyo walimu tufanyavyo tunaposhindwa. Kipindi kijacho kilipita na vingine vikapita, nami nimekuwa nikimtafutia jibu tangu siku ile. Haya niandikayo ndiyo jibu lake.

Kutoka Nairobi mpaka Wajir, kwa mstari wa ndege, ni kilomita 500. Kutoka Nairobi mpaka Mombasa, kwa mstari huo huo, ni kilomita 400 na ushei. Tofauti ni ndogo. Ndege huimaliza kwa dakika chache. Walakini hapana mtu aisemaye Mombasa kuwa iko ukingoni mwa nchi. Mombasa ina reli tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa, ina reli mpya tangu mwaka 2017, ina barabara ya lami, ina mabasi ya usiku na ya mchana. Mwanafunzi wa Mombasa aitwaye kwenye mahojiano Nairobi kesho asubuhi atafika. Mwenziwe wa Takaba, mwenye alama zile zile, hata barua ya kumwita haijamfikia. Sasa niambie, ni tofauti ya kilomita iliyofanya haya, au ni kazi ya mikono ya watu?

Ni kazi ya mikono ya watu, nayo ina tarehe. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya wilaya za pembezoni, ambayo kwayo wilaya iliweza kufungwa, mgeni asiingie ila kwa kibali. Jimbo zima la Mpaka wa Kaskazini lilifungwa hivyo. Mwaka 1934 iliongezwa sheria nyingine ya wilaya maalumu, iliyowapa wakuu wa majimbo uwezo wa kuwakamata na kuwazuia watu wa makabila waliyoyaita ya uadui. Mfanyabiashara hakuingia na mmisionari hakuingia, wala mwalimu. Na pasipoingia mtu, barabara hujengwa ya nini? Jimbo liliachwa liwe ukuta wa kuyakinga mashamba ya wazungu na Waitalia na Wahabeshi. Ukuta hautiwi lami.

Kisha ukaja uhuru. Hali ya hatari ilitangazwa katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki mwezi Desemba 1963, mwezi ule ule wa bendera mpya. Vita vilivyoitwa vya shifta vilikoma mwaka 1967, lakini sheria zake za hatari hazikufutwa mpaka mwaka 1991. Mtu aliyezaliwa katika hali ya hatari aliweza kuoa na kuzaa, na hali ya hatari ingaliko. Katikati ya hayo, mwaka 1965, serikali ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10, uliosema kwamba fedha za maendeleo ziwekwe kwanza penye ardhi nzuri na mvua, penye njia za usafiri na nguvu za umeme, na penye watu walio tayari kuyapokea maendeleo. Usome tena, msomaji, ule mlango wa usafiri. Penye barabara paongezwe barabara. Pasipo na barabara pangoje mpaka pawe na barabara. Waraka ule uliandikwa na watu wenye elimu kubwa, na sijui hata mmoja wao aliyecheka alipoifikia sentensi hiyo.

Ndiyo maana hata leo wapo wazee wa kaskazini ambao, wakianza safari ya Nairobi, husema, "Tunakwenda Kenya." Nimepata kuwasikia watu wa mjini wakilicheka neno hilo kama kwamba ni ujinga. Si ujinga. Ni kipimo cha umbali kilicho sahihi kuliko uzi wangu, maana kimehesabu vizuizi vya njiani, vitambulisho vilivyoulizwa darajani Garissa na saa zilizopotea juani wakati mizigo ikipekuliwa. Orodha ya viwanja haina safu ya mambo hayo.

Na yako mambo mabaya zaidi ya kuchelewa. Mwezi Februari 1984 maelfu ya wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na askari katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na Wajir, wakawekwa juani siku kadhaa bila ya maji, na wengi wakauawa. Kwa miaka mingi serikali ilishikilia hesabu ya watu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, iliona kwamba waliokufa huenda walikaribia 1,000. Nayataja haya kwa sababu moja iliyo ndani ya shauri letu. Wagalla palikuwa kiwanja cha ndege. Kutoka hapo mpaka Nairobi ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa ndege ndogo. Habari ile, iliyoweza kusafirishwa na ndege kwa saa moja na nusu, ilichukua miaka karibu thelathini kukubaliwa katika kitabu cha serikali. Basi nani ataniambia kwamba umbali ni kitu kisicho na mwenyewe? Umbali ule ulikuwa na wenyewe, nao waliutumia kama mtu atumiavyo pazia.

Turudi njiani. Safari ya kweli ya Takaba huanza Nairobi jioni, ndani ya basi. Kufika Garissa ni kilomita 370 za lami, na hapana la kulalamikia. Kutoka Garissa mpaka Wajir ni kilomita nyingine zaidi ya 300, na mimi nilipozipita lami ilikuwa vipande vipande, kipande kikikoma pale pale usingizi unapoanza kukuchukua. Wajir basi huishia. Hapo huulizwa kama liko lori, na lori huenda likijaa, halina saa yake. Uzi wasema kutoka Wajir mpaka Takaba ni kilomita 185. Lori halifuati uzi. Hufuata alama za magurudumu ya lori lililotangulia. Wakati wa kiangazi nilifika siku ya tatu, nywele zangu zimekuwa nyekundu kwa vumbi. Mara ya pili palikuwa na mvua za vuli. Tuliikuta laga imejaa, ile mito ya mchanga ambayo mwaka mzima huwa mikavu kisha hufurika kwa usiku mmoja, nasi tukalala ng'ambo yake siku mbili, tukinywa chai ya maji ya laga yenyewe. Nilimwuliza dereva tumebakiza kilomita ngapi. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Mwalimu, huku hatuhesabu kilomita. Twahesabu laga." Zilikuwa zimebaki tatu.

Mimi nilikuwa mzima, nina mshahara, na lililonipata lilikuwa ni kuchelewa kazini. Mweke mahali pangu mama mwenye uchungu wa kuzaa, aliyeanza jana alfajiri, na mtoto amekaa vibaya. Hospitali iko Takaba mjini, lakini yeye hayuko mjini. Yuko kambi ya malisho, mwendo wa siku kwa ngamia. Akifika Takaba, na likawa la kumshinda tabibu wa hapo, hutakiwa apelekwe Mandera, ambayo kwa uzi ni kilomita 190. Orodha yasema huo ni mwendo wa dakika 40 kwa ndege. Ndege gani? Mwaka 2014 Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu lilitangaza kwamba katika Kaunti ya Mandera hufa akina mama 3,795 kwa kila watoto 100,000 wazaliwao hai, ilhali wastani wa Kenya nzima ulikuwa 488. Wako waliobisha hesabu hiyo, wakasema imezidi. Haya, na ikatwe nusu. Ile nusu nayo ikatwe nusu. Bado itabaki karibu mara mbili ya wastani wa nchi. Nasema wale ni watu waliouawa na umbali, na umbali huo hauonekani katika orodha yoyote.

Usidhani kwamba nazichukia ndege. Shirika la AMREF lilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, likawa la madaktari warukao kwa ndege kuwafikia wagonjwa wa mbali. Makao yake ya ndege ni kiwanja cha Wilson, Nairobi, kilichopata jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha shirika la ndege mwaka 1929, wakati wanaume wengi wa hapa walikuwa wakiogopa hata kuzipanda. Madaktari hao wameokoa watu wasiohesabika, na asiyewashukuru hana adabu. Lakini daktari arukaye ni dawa ya msiba. Hawezi kuwa ndiyo njia ya watu. Akiitwa na mmoja huenda. Wakimwita mia moja kwa siku moja atakwenda wapi?

Iko na ndege nyingine ambayo sharti niitaje, ingawa najua baadhi ya wasomaji watanuna. Miraa huchumwa Meru alfajiri, hufungwa kwa majani ya mgomba, hupakiwa katika magari yaendayo kama risasi mpaka Nairobi, hupandishwa ndege pale Wilson, na kabla ya jua kushuka limekwisha kutafunwa Mandera. Sababu ni kwamba jani hilo hupoteza nguvu zake baada ya siku mbili hivi, na mnunuzi hataki jani lililolala. Basi wafanyabiashara wametafuta njia, na njia imepatikana, siku zote za juma, msimu wa mvua na msimu wa jua. Mbingu imefunguliwa kwa ajili ya jani. Damu ya kuongezewa mgonjwa nayo haitaki kungoja, na chanjo hutaka baridi njiani, na mtoto aliye tumboni hana siku mbili. Ninapoambiwa kwamba usafiri wa kaskazini hauwezekani kwa kuwa nchi ni ngumu, hulikumbuka lile jani, naona kwamba hapana kilichoshindikana. Palikosekana mtu wa kuwa na haraka kwa ajili ya hao wengine.

Wanaonipinga wana hoja, nami sitaziruka. Husema: watu wa huko ni wachache na nchi ni pana, kilomita moja ya lami ina gharama kubwa, afadhali kila mji uwe na kiwanja kizuri cha ndege, maana kiwanja ni kilomita moja tu ya kutengenezwa badala ya mia saba. Hoja hii ina sura ya busara, na ndiyo maana nimeichagua kupigana nayo. Waulize: mfugaji wa Takaba ana mali gani? Ana ngamia na mbuzi. Mbuzi huyo akipandishwa ndege, nauli yake itazidi bei yake mara kadhaa. Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa masoko makubwa ya Afrika Mashariki, na Nairobi hula nyama kila siku. Lakini mnyama huchukuliwa kwa lori, akasimama siku tatu akitikiswa, akafika amekonda, akauzwa kwa bei ya mnyama aliyekonda. Hasara ile humwangukia mfugaji. Lori hilo hilo likirudi huleta unga na sukari, na kila laga iliyolichelewesha huongezwa katika bei ya kibaba. Maskini wa Takaba hulipa nauli hata asiposafiri. Kiwanja cha ndege kitamletea mheshimiwa aje ahutubie na arudi kabla ya chakula cha jioni; hakitamwondolea huyu senti moja.

Nadhani hapo ndipo penye sumu. Mwenye kukata mashauri ya barabara husafiri kwa ndege. Hupaa Wilson, husoma gazeti, hutua. Ardhi yote iliyo katikati huiona kupitia dirishani, ya rangi ya ngozi ya simba, imenyamaza. Kwake Takaba ni saa mbili, na kwa kweli ni saa mbili. Hasemi uongo. Lakini akiketi mezani kugawanya fedha, hugawanya kwa saa zake, si kwa saa za mwenye lori. Hata hivyo anga nalo si salama kwa kila mkubwa: tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi iliyowachukua viongozi kwenda kwenye mazungumzo ya amani ilianguka Marsabit, wakafa watu 14, wakiwamo wabunge wa kaskazini, na Bonaya Godana miongoni mwao. Alikuwa mwana wa nchi ile na aliijua vizuri kuliko wengi. Hao walikwenda kwa ndege kwa sababu ile ile iwapelekayo wengine wote wanaoweza.

Nasi walimu tumefundishwa somo hili kwa namna yetu. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lilisimamishwa na magaidi katika Kaunti ya Mandera, wakatolewa abiria 28 wakauawa, miongoni mwao walimu kadha wa kadha waliokuwa wakienda likizo. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Desemba, basi jingine lilisimamishwa karibu na El Wak. Abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Salah Farah, mwalimu, alikuwa mmoja wao. Alipigwa risasi, akafa mwezi Januari 2016. Tangu hapo walimu wengi waliotoka mikoa mingine waliomba uhamisho, na waliobaki walianza kujinyima wapande ndege. Hesabu ya kilomita ilibaki ile ile, 640. Uzi haukurefuka hata unywele mmoja. Lakini mwanafunzi wa Takaba aliyekuwa na mwalimu wa hisabati mwezi Oktoba, mwezi Januari hakuwa naye, na hapo alikuwa mbali na Nairobi kuliko alivyopata kuwa. Siwalaumu walioondoka. Nasema tu kwamba barabara yenye magari mengi, yenye maduka, yenye vituo na taa, ni vigumu kuitegea kuliko njia ya mchanga ambayo hupitiwa na basi moja kwa siku.

Basi nataka nini? Nataka mambo mawili, nayo si makubwa. La kwanza, kila kitabu cha jiografia na kila karatasi ya serikali itakayotaja umbali wa mji, itaje saa za mtu asiye na nauli ya ndege, wakati wa kiangazi na wakati wa masika. Iandikwe: Mombasa, usiku mmoja, Takaba, siku tatu, na tano kukiwa na mvua. Mtoto akisoma hivyo atauliza kwa nini, na swali lake litamfika waziri. La pili ni barabara yenyewe. Katiba ya mwaka 2010 iliweka mfuko wa kusawazisha maeneo yaliyoachwa nyuma, na serikali za kaunti zilianza kazi mwaka 2013. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa kusaidia kuitengeneza njia itokayo Isiolo, ikapita Wajir na El Wak, mpaka Mandera. Hizi ni habari njema. Nazisema kwa moyo mweupe, na yeyote aliyezipigania nampa mkono.

Ila nimeitazama njia hiyo katika ramani, na nimeupitisha uzi wangu juu yake. Haipiti Takaba. Hupita El Wak ikaelekea Rhamu, na Takaba hubaki upande wa magharibi. Nilipomwuliza mtu mmoja wa mambo ya mipango kuhusu kipande hicho kilichosalia, alifungua orodha yake palepale, akataja jina la El Wak na jina la Takaba, akanisomea jibu kwa furaha. Ni kilomita 100 hivi, alisema; kwa ndege ni dakika 20.